“Tutaleta mashine”: picha ya tezi dume, kisu, na swali ambalo midahalo ya Kwale huliruka

1/
UZI. Kama umewahi kukaa kwenye mkutano wa siasa popote kutoka Ukunda hadi Lungalunga, hii umeisikia: “Mkinipa kura, wazee wetu hawatavuka feri tena kutafuta vipimo. Mashine ya kisasa itakuja hapa hapa Msambweni.” Makofi, vigelegele. Halafu mpinzani wake anashika maikrofoni: “Mashine ya nini, na hata Panadol hakuna?” Makofi tena, na safari hii hata waliompigia yule wa kwanza wanapiga.

2/
Masharti ya uzi ni yale yale: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukimtambua mtu, umemtambua wewe.

Nasomea sayansi ya siasa, si udaktari. Uzi huu haukutibu, unakusaidia kusikiliza ahadi. Lakini ahadi ya mashine huwezi kuipima kama hujui mashine yenyewe inaamua nini. Kwa hivyo tutaanza hospitali, halafu ndio tufike bajeti. Vumilia.

3/
Mfano wangu ni saratani ya tezi dume. Ndiyo inayoongoza kwa wanaume Kenya. Na ni ugonjwa ambao picha haishii tu kukwambia unaumwa ama huumwi. Inaamua ukatwe ama usikatwe, na ukikatwa, daktari apite wapi. Ukiielewa hii moja, ahadi nyingine zote za “vifaa vya kisasa” utazisikiliza kwa sikio tofauti.

4/
Msingi. Tezi dume ni kitezi kidogo, ukubwa kama wa kungu, kiko chini ya kibofu na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mwanamume akizeeka huwa kinakua. Mara nyingi ni uzee tu, si saratani: mzee anaamka mara nne usiku, mkojo unakuja kwa kukatikakatika, mke anajua kabla hajamwambia mtu.

Saratani nayo mwanzoni huwa kimya. Haiumi. Ikianza kuuma mgongo na nyonga, mara nyingi imeshatoka kwenye tezi na kuingia kwenye mifupa.

5/
Na sisi Kwale tuna utata wetu. Huku mtu akikojoa damu, neno la kwanza barazani ni kichocho. Si ujinga, kichocho kipo kweli, na Msambweni watafiti wamekifuatilia kwa miongo. Lakini mzee wa miaka 60 na kitu akikojoa damu, “kameze dawa ya kichocho” haitoshi. Inaweza kuwa kibofu (na kichocho cha miaka mingi chenyewe kinaweza kuleta saratani ya kibofu), inaweza kuwa figo, inaweza kuwa tezi. Anahitaji kuchunguzwa, basi.

6/
Sasa vipimo. Cha kwanza ni damu, kinaitwa PSA. Ni protini inayotoka kwenye tezi. Ikipanda kuna jambo, lakini jambo gani? Inapanda kwa saratani, inapanda kwa tezi iliyokua kwa uzee, inapanda kwa maambukizi, inapanda hata mtu akiwekewa mpira wa mkojo. PSA ni kama mbwa anayebweka usiku. Unaamka kuangalia. Hupigi mshale kwanza.

7/
Zamani (na sehemu nyingi bado), hatua iliyofuata ilikuwa sindano. Daktari anapitia njia ya nyuma, anaongozwa na picha ya ultrasaundi, anachukua vinyama kumi, kumi na mbili, kutoka pande zote za tezi, vinaenda maabara. Shida ni kwamba ultrasaundi inaonyesha tezi vizuri lakini uvimbe wa saratani ndani yake haiuonyeshi vizuri. Ni kuchimba visima kumi na viwili ukiomba Mungu kimoja kipate maji. Unaweza kuikosa saratani mbaya kabisa iliyojificha mbele ya tezi, na ukapata kijisaratani ambacho kisingemsumbua mtu maisha yake yote.

8/
Hapa ndipo MRI ilipoingia. MRI haitumii mionzi ya eksirei, inatumia sumaku kubwa. Unalala ndani ya kitu kama mtaro, unapiga kelele kweli kweli (mashine, si wewe), na inatoa picha za nyama laini kwa undani ambao CT haifikii pale.

Utafiti wa Uingereza uitwao PROMIS, 2017, ulichukua wanaume 576 na kulinganisha. MRI iliziona saratani zenye maana kwa asilimia 93. Sindano za kubahatisha, asilimia 48. Yaani nusu zilipita.

9/
Mwaka uliofuata ukatoka mwingine, PRECISION, wanaume 500 katika nchi 11. Waliotanguliziwa MRI, saratani za kutibiwa zilipatikana kwa asilimia 38. Waliochomwa sindano moja kwa moja, asilimia 26. Na katika kundi la MRI zaidi ya robo hawakuchomwa sindano kabisa, kwa sababu picha haikuonyesha cha kutilia shaka.

Ishike hiyo. Faida ya kwanza ya mashine ni watu ambao HAWAKUGUSWA. Sijawahi kusikia mwanasiasa akiahidi hivyo. “Mkinichagua, wengi wenu hamtafanyiwa kitu.” Makofi yatatoka wapi?

10/
Sasa tumfuate mzee mmoja wa kubuni. Anatoka Milalani, miaka 66, alikuwa mvuvi, PSA yake ni 14. Amepigwa MRI. Daktari wa picha anaisoma na kuipa alama kutoka 1 hadi 5: 1 ni karibu hakuna shaka, 5 ni shaka kubwa. Akiwa na 4 au 5, sasa sindano inalenga pale penye doa, na vinyama vinaenda kwa daktari wa maabara anayeangalia seli zina ukali gani.

Kutoka hapa mzee anaweza kuangukia njia tatu.

11/
Njia ya kwanza. Saratani ni ndogo, seli zake ni za pole, picha inaonyesha imekaa ndani ya tezi. Watu wengi wanadhani jibu ni “itoeni haraka!” Si lazima.

Uingereza walifanya utafiti mrefu, ProtecT. Wanaume 1,643 waligawanywa kwa kura: upasuaji, mionzi, ama kufuatiliwa tu kwa karibu. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama asilimia 3 tu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi matatu. Waliofuatiliwa tu saratani ilisambaa kwa asilimia 9 na kitu, waliofanyiwa upasuaji kwa asilimia 5 hivi. Kwa hivyo kusubiri si bure. Lakini pia si kifo.

12/
Tahadhari, na hii naona huwa inarukwa. Wale 1,643 karibu wote walikuwa Wazungu, na waligunduliwa kwa kupimwa damu kabla ya dalili. Wanaume wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu, na wazee wetu wengi hufika wakiwa tayari wanaumwa. Huwezi kuichukua namba ya Bristol ukaipandisha matatu hadi Kinango bila kuiuliza maswali. Na “kufuatiliwa” kunataka PSA kila baada ya miezi, MRI za kurudia, na mtu wa kukupigia simu usipotokea. Bila hayo si kufuatiliwa, ni kusahauliwa.

13/
Njia ya pili. Saratani ina ukali, lakini bado imo ndani ya tezi ama imegusa ukingo. Hapa kisu kinaingia kwenye mazungumzo, na hapa picha ni ramani. Pande mbili za tezi zimepita neva za nguvu za kiume. Chini yake upo msuli unaozuia mkojo. Daktari wa upasuaji anaangalia MRI na kujiuliza: uvimbe uko upande wa kulia, umeshika ganda la tezi? Basi upande huo nikate kwa upana. Kushoto kuko safi? Basi neva za kushoto nizihifadhi.

14/
Wacha niseme wazi, manake aibu ndiyo inayotuua huku. Upasuaji wa kutoa tezi yote unaweza kumwacha mtu akivuja mkojo, na unaweza kumwondolea nguvu za kiume. Kwenye ule utafiti wa ProtecT, miezi 6 baada ya upasuaji asilimia 46 walikuwa wanavaa pedi. Baada ya miaka 6, asilimia 17.

Fikiria mzee anayeswali tano msikitini, safu ya mbele. Masheikh wana hukumu ya mwenye udhuru, dini haikumfungia mlango. Lakini yeye mwenyewe ataanza kuswalia nyumbani. Ataacha baraza la kahawa. Hakuna takwimu ya kaunti inayohesabu hilo. Ndiyo maana picha inayookoa neva za upande mmoja si anasa.

15/
Njia ya tatu. Saratani imeshatoka, iko kwenye mitoki ya nyonga ama kwenye mifupa. Hapa kutoa tezi peke yake hakumponyi. Atakatwa, atavuja, na saratani bado iko mgongoni. Tiba inakuwa ya homoni, kwa sindano ama kwa kuondoa korodani, pamoja na dawa nyingine na mionzi kulingana na hali.

Kwa hivyo swali “imetoka ama haijatoka?” linabeba operesheni nzima. Na ndilo swali ambalo picha za kawaida hulijibu kwa kuyumba.

16/
Kawaida ni CT na skani ya mifupa. Kuna kitu kipya zaidi kinaitwa PET ya PSMA. Mgonjwa anachomwa dawa yenye mionzi kidogo inayokwenda kujishika kwenye seli za saratani ya tezi dume popote zilipo, halafu mashine inaona zinawaka wapi. Australia walichapisha utafiti wake 2020, wanaume 302 wenye saratani ya hatari kubwa. PET hiyo ilisema kweli kwa asilimia 92, zile picha za kawaida kwa asilimia 65. Na mpango wa matibabu ulibadilika kwa asilimia 28 ya waliopigwa PET, dhidi ya 15 kwa wale wengine.

Zingatia lakini: utafiti ule ulipima nani kaona vizuri. Haukupima nani kaishi zaidi. Kuona vizuri na kupona ni vitu viwili, na mtu wa jukwaani atakuuzia kimoja kwa jina la kingine.

17/
“Basi ileteni hiyo PET Msambweni!” Hapa fizikia inaingilia siasa. Dawa inayotumika sana ni ya galiamu-68. Nguvu yake hupungua nusu kila dakika 68. Ile nyingine ya florini-18, kila dakika 110. Ukiitengeneza mbali, kabla hujamaliza foleni ya feri Likoni sehemu kubwa imeshaondoka hewani, yaani si kuibiwa, imeisha yenyewe. Lazima kuwe na mtambo wa kuitengeneza karibu, wataalamu wa dawa za mionzi, na wagonjwa wa kutosha kila wiki. Ndiyo maana Kenya utaipata Nairobi, Aga Khan na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Anayekuahidi PET kwa kila kaunti ama hajui, ama anajua wewe hujui.

18/
Haya, siasa sasa.

Swali la kwanza: ni kazi ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iligawanya. Hospitali za kaunti, zahanati, ambulansi, afya ya msingi: kaunti. Hospitali za rufaa za kitaifa na sera ya afya: serikali kuu. Kwa hivyo mgombea ubunge anayekuahidi mashine ya hospitali ya kaunti anaahidi kitu ambacho bajeti yake haiko mikononi mwake. Anaweza kupiga kelele Nairobi, sawa. Lakini kura ya kupitisha pesa hizo iko kwa wawakilishi wa wadi, na hao watu hatuwaulizi chochote zaidi ya basari.

19/
Swali la pili: tumeshawahi kuleta mashine? Tumewahi. Februari 2015 serikali kuu iliingia mikataba ya kukodisha vifaa, mpango uliojulikana kama MES. Hospitali 98: mbili kwa kila kaunti, na nne za kitaifa. Vifaa vya vyumba vya upasuaji, figo, ICU, picha. Kaunti zikawa zinakatwa, mwanzoni milioni 95 kila mmoja kwa mwaka, baadaye milioni 200. Kiasi kile kile, iwe kaunti inavitumia vyote ama vimefunikwa shuka.

Maana vingine vilifunikwa kweli. Seneti iliunda kamati maalum, na ripoti yake ya 2020 ilieleza vifaa vilivyokaa bila kazi kwa sababu hakukuwa na wataalamu, ama maji, ama umeme wa kutosha, ama hata chumba.

20/
Sisemi MES haikusaidia mtu. Watu walisafishwa figo karibu na kwao ambao zamani wangesafiri. Ninachosema ni kwamba mashine ilinunuliwa kama tukio, wakati mashine ni mnyororo. Kwa mzee wetu wa Milalani mnyororo ni huu: zahanati imuulize habari za mkojo bila kumuaibisha, PSA ipatikane na kemikali zake zisiishe katikati ya mwezi, MRI, daktari wa kuisoma, daktari wa mkojo wa kuchukua kinyama pale penye doa, daktari wa maabara wa kukisoma kinyama, halafu watu hawa waongee pamoja. Pete moja ikikatika, picha ya milioni nyingi inabaki kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati.

21/
Na pete inayokatika mara nyingi ni binadamu. Kuipiga picha ya MRI ya tezi ni kazi ya radiografa aliyefunzwa. Kuisoma ni kazi nyingine kabisa. Hata huko kwenye hospitali tajiri, madaktari wawili wanaweza kuitazama picha moja, mmoja akaipa 3, mwingine 4. Hiyo tofauti ya namba moja ndiyo tofauti ya sindano ama hakuna sindano. Ukinunua sumaku bila msomaji, umenunua msahafu nyumba isiyo na mtu anayejua alifu.

22/
Kwa hivyo yule wa “hata Panadol hakuna” ameshinda? Hapana. Naye ananikera, pengine zaidi. Hoja yake ikifuatwa, mtu wa Kwale atangojea Panadol milele huku wenye pesa wakivuka kwenda Mombasa na wenye pesa zaidi wakienda India. Kwale ilihesabiwa watu 866,820 kwenye sensa ya 2019. Huo si mji mdogo wa kuambiwa usubiri. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Hakikusema “isipokuwa kusini ya Likoni.”

Na umbali ni gharama. Msambweni hadi feri ni kilomita hamsini hivi. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, imesaidia. Lakini mzee mwenye maumivu ya mifupa, akiwa na mwanawe aliyeacha kazi ya siku Diani ili amsindikize, akaambiwa “mashine iko matengenezo, rudini Jumanne”, hiyo Jumanne wengi hawarudi.

23/
Maoni yangu basi, uyakatae ukitaka. Ningekuwa mwakilishi wa wadi na niko na pesa kidogo, nisingeanza na sumaku. Ningeanza na PSA isiyokatika Msambweni na Kinango, mtu wa kuchukua kinyama, na mkataba na maabara wenye siku zilizoandikwa: majibu ya kinyama ndani ya siku kadhaa, si “tutawapigia”. Kwa MRI ningeingia makubaliano na hospitali ya Mombasa, kwa siku maalum ya wagonjwa wa Kwale na gari la kaunti kuwapeleka pamoja. Picha inaweza kutumwa kwa mtandao na kusomwa na mtaalamu aliyeko popote nchini. Hilo linahitaji intaneti nzuri na mshahara wa msomaji, vitu ambavyo huwezi kuvikatia utepe.

24/
Kuna hoja moja ya kweli dhidi yangu na sitaki niifiche. MRI haitumiki kwa tezi dume peke yake. Kuna uti wa mgongo, kuna ubongo, kuna vijana wa bodaboda wa barabara ya Diani. Mashine ikihesabiwa kwa kazi zote hizo, inaweza kujilipia. Na inazidi kuwa nafuu kuitumia: utafiti wa PRIME, wanaume 490, ulionyesha kwamba MRI fupi ya tezi isiyo na sindano ya dawa ya kung’arisha picha iligundua saratani za maana sawa na ile ndefu, asilimia 29 kwa zote mbili. Fupi ni dakika 15 hadi 20, ndefu ni 30 hadi 40. Yaani wagonjwa mara mbili kwa siku. Kama mwanasiasa atanijia na hesabu kama hiyo, nitakaa chini nimsikilize. Shida ni kwamba wanakuja na picha ya mashine iliyotolewa kwenye mtandao.

25/
Na malipo? SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, 1 Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilichotangazwa kilikuwa shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na 150,000 nyingine kutoka hazina ya magonjwa sugu zile za kwanza zikiisha. Inasikika nyingi. Lakini saratani inalipwa pale inapojulikana ni saratani. Safari ya kujua, nauli, PSA, kurudi, kulala kwa jamaa Mombasa, hiyo huwa inatoka mfukoni. Muulize mgombea kuhusu hiyo sehemu, kabla ya jina la ugonjwa kupatikana. Ndipo wengi wetu tunapokata tamaa.

26/
Maswali ya kubeba mkutanoni. Yaandike kwa simu, usitegemee kichwa, maikrofoni ikifika kwako utatetemeka.

Nani ataisoma picha, ameajiriwa tayari ama ni ahadi nyingine ndani ya ahadi? Mkataba wa matengenezo ni wa miaka mingapi na uko kwenye bajeti ya mwaka gani? Umeme ukikatika? Mgonjwa wa Lungalunga atangoja siku ngapi kutoka PSA hadi jibu la kinyama? Na hospitali ikishajua anahitaji upasuaji, anapelekwa kwa nani, kwa gari gani?

Akikujibu “hayo wataalamu watayaangalia”, umeshapata jibu.

27/
Na usingoje kampeni. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unawasilishwa bungeni kabla ya 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha kabla ya 28 Februari. Makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na bajeti inapitishwa kabla ya 30 Juni. Vikao vya maoni ya umma viko katikati ya tarehe hizo, na mara nyingi vinakuwa na viti vitupu na soda zilizobaki. Ukitaka kujua mashine fulani ya hospitali ya umma inafanya kazi siku ngapi kwa mwezi, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu.

28/
Mwisho kabisa, nje ya siasa. Kama una baba, babu ama ami aliyepita miaka 50, na hasa kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyeugua tezi, mwambie aongee na daktari kuhusu PSA, faida zake na usumbufu wake. Usimwambie mbele ya watu. Mpeleke mtoto wa kiume anayeheshimika, ama mwambie mama, yeye ndiye anayejua mzee anaamka mara ngapi.

Uzi ujao: kwa nini basari ya wadi inatangazwa Januari na inalipwa Mei.